Maswali Yenu kwa Mwalimu: Magulio na Sikukuu za Wahindu wa Gujarat

Toleo lililopita niligusia kidogo ngoma ya garba niliyoijua nikiwa mwanafunzi Rajkot, katika jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Maswali yaliyofuata yametoka kila upande wa Kusini, Mikindani mpaka Nachingwea, na mengi ni mazuri mno kuyajibu kwa mistari miwili. Kwa hiyo safu nzima ya leo ni ya jambo hilo. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, ninaishi Mtwara, na nimekulia Lindi, ambako baba yangu alikuwa karani katika duka la mfanyabiashara wa Kihindu. Nitabaki Gujarat tu, maana ndiko walikotoka wengi wa Wahindi tuliokua nao pwani hii.

Shikamoo Mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma Rajkot, naanza mwezi wa nane. Natamani kuona gulio la jadi lenyewe, si maonyesho ya watalii. Niende lipi? Na je, ni kitu kama Nanenane yetu pale Ngongo?
*Binti wa Mikindani*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Unafika wakati mzuri. Agosti na Septemba ndiyo miezi ambayo Saurashtra, eneo ilipo Rajkot, haikaliki ndani. Mvua imeshanyesha, karanga na pamba ziko shambani zinakua, malisho yamestawi, na mfugaji ana nafasi ya kupumua. Magulio ya kule yanakwenda na kazi za watu. Ukiliona gulio limewekwa mwezi fulani, uliza kwanza wenyeji wanakuwa wamemaliza kazi gani mwezi huo, utapata nusu ya maelezo.

Utakaribishwa na gulio la Rajkot lenyewe, la Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa mungu Krishna. Linachukua siku tano. Kuna bembea ndefu za duara, kuna vijana wanaoendesha pikipiki wakizunguka ukutani ndani ya pipa kubwa la mbao, na kuna umati ambao hujawahi kuuona. Nenda ukafurahi na wenzako. Lakini hilo ni la mjini. Lako wewe ni Tarnetar.

Tarnetar ni kijiji katika wilaya ya Surendranagar. Unapanda treni Rajkot hadi Than, mji wa viwanda vya vigae na vyombo vya kauri, halafu unamalizia kwa basi au bajaji. Gulio linakuwa siku ya nne, ya tano na ya sita za mwezi mchanga wa Bhadarvo, mwezi wa kalenda ya Kihindu, yaani mwishoni mwa Agosti au katika Septemba. Katikati yake kuna hekalu la mungu Shiva mwenye macho matatu, na mbele ya hekalu kuna bwawa lenye ngazi za mawe. Siku ya tano watu huteremka kuoga humo, kwa imani kwamba kuoga hapo ni sawa na kuoga katika mto Ganga wenyewe. Wenyeji wanasimulia kwamba ni hapo Arjuna alipompata Draupadi, kama inavyoelezwa katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu. Baba wa binti aliweka sharti: atakayemwoa apige mshale kwenye jicho la samaki anayezunguka juu, huku akitazama taswira yake ndani ya maji tu. Arjuna akapiga, akapata mke.

Kutokana na simulizi hiyo, Tarnetar inajulikana kwa uchumba. Vijana wa jamii za wafugaji na wakulima, Wabharwad, Warabari na Wakoli, hufika wamevaa vizuri kuliko siku yoyote ya mwaka, na zamani wengi waliondoka wakiwa wameshaonana na watu wa kuposana nao. Mawakala wa utalii wameligeuza neno hilo kuwa tangazo, wanaliita soko la wachumba. Mimi jambo hilo linaniudhi. Wasichana niliowakuta pale walikuja na mama zao, shangazi zao na wadogo zao, na hakuna aliyekuwa amewekwa kuuzwa. Ukienda, usiwaangalie wenzako kwa jicho la tangazo.

Kitu cha kukiangalia kwa karibu ni mwavuli. Kijana ambaye hajaoa hubeba mwavuli uliotariziwa, na familia huweza kuushughulikia mwaka mzima. Niliomba kuushika mmoja. Mkono na mbavu zake vilikuwa vya mwavuli wa kawaida wa dukani. Kazi yote ilikuwa kwenye kitambaa. Kitambaa chekundu, na katika kila kipande kati ya ubavu na ubavu kuna tausi na maua ya uzi wa manjano, kijani na zambarau. Moyo wa kila ua ulikuwa kioo cha mviringo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na hakikubandikwa kwa gundi: kilishikwa na mishono iliyopita juu ya ukingo wake mara nyingi, imebanana, mpaka kioo kikawa kimekaa ndani ya uzi. Ukingoni kulikuwa na shanga nyeupe, na chini ya shanga zimening'inia leso ndogo ndogo, kila moja na rangi yake. Mwenyewe alipouzungusha, vile vioo vilitupiga mwanga usoni sote tuliomzunguka. Nilimuuliza nani ameushona. Akataja mama na dada zake, akaonyesha kila mmoja kipande chake.

Jioni Wabharwad hucheza hudo. Wanaume na wanawake wanakabiliana, wanakutanisha viganja kwa nguvu huku miguu inafuata ngoma ya dhol, na duara inapanuka mpaka huoni mwisho wake. Simama pembeni kwanza uwatazame.

Kuhusu Nanenane: ndiyo, vumbi ni lile lile, na mifugo, vyakula na vibanda utavikuta. Tofauti ni kwamba kule hekalu ndilo lililotangulia. Watu walikuja kuoga na kuomba, wauza bangili wakawafuata, wauza vyungu wakafuata, ngoma zikafuata. Siku hizi serikali ya jimbo nayo imeweka michezo ya kijijini, mbio na mashindano, lakini ukitoa hekalu hakuna gulio.

Machache ya kukusaidia: Gujarat pombe imepigwa marufuku tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960, kwa hiyo usikubali kubebeshwa mzigo wa mtu. Chakula cha gulioni hakina nyama. Viatu unavua kabla ya kuingia hekaluni. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake. Na nenda na wasichana wa darasani kwako ambao ni wenyeji. Watakuonyesha mengi ambayo mimi sikuyaona.

Mwalimu shikamoo. Diwali ya 2024 ilikuwa Oktoba 31, ya 2025 Oktoba 20, halafu ya 2026 naona kwenye kalenda ni Novemba 8. Idi zetu zinarudi nyuma kila mwaka. Mbona hii inarudi nyuma kisha inaruka mbele?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Lindi*

Marahaba. Umeangalia vizuri, na jibu ni la hesabu unayoiweza. Mwezi wa mwandamo una siku 29 na nusu hivi. Kumi na mbili ni siku 354. Mwaka wa jua una 365, kwa hiyo mwaka wa mwezi unapungukiwa siku 11. Kalenda ya Kiislamu inauacha upungufu huo uende, na ndiyo sababu Ramadhani huzunguka misimu yote, ikarudi ilipoanzia baada ya miaka 33 hivi. Wahindu nao wanahesabu kwa mwezi, ila upungufu wanaukusanya. Kila baada ya miezi 32 au 33 wanaongeza mwezi mzima wa ziada, unaoitwa adhik maas, na mwaka unakuwa na miezi 13.

Sasa tazama: mwaka 2023 uliongezwa mwezi, Diwali ikawa Novemba 12. Mwaka 2024 ikarudi Oktoba 31, mwaka 2025 ikarudi tena siku 11 hadi Oktoba 20. Kwa 2026 mwezi wa ziada unaingia kati ya Mei na Juni, na Diwali inasukumwa hadi Novemba 8. Kwa utaratibu huo haitoki kamwe kati ya Oktoba na Novemba, na huku kwetu itakukuta daima msimu wa korosho. Lingekuwa linazunguka kama Ramadhani, gulio la Tarnetar lingeangukia siku moja kwenye ukame wa Mei, na wafugaji wangekuwa mbali na mifugo yao wakitafuta maji.

Ipo sikukuu moja kubwa inayofuata jua moja kwa moja, Uttarayan, Januari 14. Siku hiyo Gujarat nzima iko juu ya mapaa inarusha tiara, na uzi hupakwa unga wa kioo ili ukate uzi wa jirani. Huliwa undhiyu, mchanganyiko wa mboga za majira ya baridi ambamo mbaazi mbichi hazikosekani.

Mzee mmoja hapa Mikindani alizoea kutuambia kuwa mabaharia wa Kihindi hutupa nazi baharini kabla ya kutweka tanga. Ni kweli au ni hadithi za barazani?
*Mvuvi, Mikindani*

Kaka, mzee hakukudanganya, na jambo hilo linafanyika mpaka leo. Lakini siku yake ni maalumu.

Kusi unaijua kwa kuchafua bahari huku kwetu. Ikifika pwani ya Gujarat, kuanzia Juni, inakuja na mvua na mawimbi ambayo chombo cha mbao hakiyawezi. Zamani bandari nyingi za upande ule zilifunga kabisa. Siku hizi serikali ndiyo inayofunga uvuvi wa vyombo vya injini kuanzia Juni 1, kwa miezi miwili hivi, pia ili samaki wapate kuzaliana. Upepo unapoanza kupoa, mwezi mpevu wa Shravan ukifika, mara nyingi ndani ya Agosti, inakuwa ni Nariyeli Purnima, yaani mwezi mpevu wa nazi. Wakharwa, jamii ya mabaharia na wavuvi wa Porbandar na Veraval, huteremka ufukweni na nazi zilizopakwa unga mwekundu. Huzitoa kwa bahari, kwa mungu wake Varuna, wakiomba msimu salama. Wakoli wa Mumbai nao hufanya hivyo hivyo. Siku ile ile, majumbani, dada humfunga kaka yake uzi kifundoni mwa mkono na kumwombea. Kwa familia ambayo kaka anakwenda kulala baharini, mambo hayo mawili hayaachani, na kila nikifikiria hilo huwa linanigusa.

Wenyeji wa Kutch, kaskazini kidogo ya hapo, wana mwaka mpya wao tofauti na wa Wagujarati wengine. Unaanza siku ya pili ya mwezi mchanga wa Ashadh, Juni au Julai. Vyombo vyao viliondoka Mandvi na kaskazi, vikashuka kwenye pwani yetu kubeba pembe, gundi na mikoko, kisha vikapandisha na kusi ya mwanzo kabla haijawa kali. Ashadh ikiingia, nahodha yuko nyumbani na mkulima anatazama wingu la kwanza. Ukitaka kuanza mwaka wako na watu wako wote, utauanza lini kama si hapo?

Ningekuwa na uwezo wa kukupeleka gulio moja tu, ningekupeleka Madhavpur, kijiji cha ufukweni katika wilaya ya Porbandar. Kuanzia Ram Navami, sikukuu ya kuzaliwa kwa mungu Rama, Machi au Aprili, wanasherehekea harusi ya Krishna na Rukmini kana kwamba ni ya mtoto wa kijiji. Kuna msafara wa bwana harusi, kuna upande wa bibi harusi unaompokea, kuna nyimbo za wanawake, na sanamu inakimbizwa kwenye gari lake huku watu wanarushiana unga wa rangi. Nyuma ya yote hayo ni bahari ile ile unayoivua wewe. Si gulio maarufu kama Tarnetar, na kwangu ndilo bora.

Jirani yetu ni Mhindi lakini hawashi taa za Diwali. Amehama dini?
*Msomaji, Ligula*

Hapana. Si kila Mhindi ni Mhindu. Jirani yako huenda ni Bohora, Ismailia au Ithnaasheri, na hao ni Waislamu. Au ni Mkatoliki wa asili ya Goa. Wajaini, watu wa dini nyingine ya kale ya India, wao wanawasha taa za Diwali, kwa sababu yao wenyewe: ndiyo siku wanayoadhimisha mwalimu wao Mahavira kufikia ukombozi. Na huko Kutch kuna gulio la Haji Pir, kwenye kaburi la walii wa Kiislamu, ambalo Wahindu huenda kwa wingi. Muulize jirani yako sikukuu yake ni ipi, umpelekee sahani siku hiyo.

Mimi nauza mbaazi kwa mnunuzi wa Ahmedabad. Mwaka 2025 tulikuwa tumekubaliana vizuri, ikafika Diwali, simu hazipokelewi karibu wiki nzima. Nikadhani nimetapeliwa, halafu Oktoba 26 asubuhi akapiga mwenyewe, mchangamfu kabisa. Wana nini hawa?
*Mfanyabiashara, Masasi*

Pole kaka kwa kukosa usingizi. Mnunuzi wako alikuwa amefunga mwaka, na alikupigia siku ile ile aliyotakiwa kufungua.

Kwa mfanyabiashara wa Gujarat, Diwali ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu za jadi. Baada yake huingia mwaka mpya wa Vikram, kalenda ya jadi ya huko. Ule ulioanza Oktoba 22, 2025 ni wa 2082. Hapo huanza kutembeleana, kuwaamkia wakubwa na kula vitamtam, na siku ya pili ya mwaka ni ya kaka kwenda kula kwa dada yake. Maduka mengi hubaki yamefungwa mpaka siku ya tano, Labh Pancham, ambayo ni siku ya kuomba faida na kufungua kazi. Mwaka 2025 ilikuwa Oktoba 26. Kwa hiyo kupigiwa simu asubuhi hiyo ni heshima: uliwekwa kwenye biashara za kwanza za mwaka.

Jioni ya Diwali kuna ibada ya daftari, chopda pujan. Niliiona nikiwa mtoto Lindi, maana baba aliruhusiwa kukaa mlangoni na mimi nilijibanza nyuma ya kanzu yake. Daftari lilikuwa refu na jembamba, jalada lake kitambaa chekundu, limefungwa kwa kamba. Lilifunguliwa ukurasa wa kwanza, ambao haujaguswa. Mwenye duka aliandika neno Shri juu kabisa, mara moja. Chini yake akaandika mara mbili, chini yake mara tatu, akaendelea hivyo mpaka maandishi yakawa kama kilima kwenye karatasi. Pembeni akaweka tambuu, juu ya tambuu popoo moja, na sarafu. Akachovya kidole cha pete kwenye unga mwekundu na kugusa ukurasa. Taa ya udongo yenye samli ilikuwa karibu mno na karatasi, na hakuna aliyesema neno mpaka alipomaliza. Baada ya hapo tukapewa ladu na jalebi, na baba akapewa bahasha.

Hesabu za kodi za India zinaanza Aprili 1 na zinakaa kwenye kompyuta, na bado ibada hii haijafa. Wako wanaoweka kompyuta mpakato mbele ya taa na kuipaka unga mwekundu kwenye kifuniko. Ushauri wangu kwako ni wa kibiashara: malizana naye malipo na nyaraka kabla ya Dhanteras, siku mbili hivi kabla ya Diwali. Hapendi deni la mwaka wa zamani liingie kwenye daftari jipya, na hapo utamkuta mwepesi wa kulipa. Siku ya mwaka mpya mtumie salamu, usimtumie ankara.

Binti yangu wa miaka kumi na mbili anasoma Dar es Salaam. Rafiki yake wa Kihindu amemwalika garba usiku. Sisi ni Waislamu. Nasita kumkatalia, nasita kumruhusu. Hiyo ni ngoma tu au ni ibada?
*Mama wa Newala*

Dada, nashukuru umeuliza kabla ya kuamua. Garba ni ibada, na pia ni ngoma, huwezi kuvitenga. Inachezwa usiku tisa wa Navratri, Septemba au Oktoba, kumheshimu mungu mama, Amba. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu na taa ndani yake, au picha ya mungu huyo, na watu wanazunguka wakipiga makofi na kuimba. Baadaye kuna vijiti, dandiya, ambavyo watoto wanavipenda zaidi ya yote. Mwishoni au katikati ya usiku kila kitu kinasimama kwa ajili ya aarti: taa inazungushwa mbele ya picha, watu wanaimba, kisha hugawiwa chakula kilichobarikiwa.

Mwezi Desemba 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Baadhi ya watu husoma hilo wakadhani imekuwa burudani ya kila mtu. Kwa wenyewe bado ni usiku wa mama yao, na mgeni inafaa aingie akilijua hilo.

Sasa uamuzi ni wako na mume wako, mimi siwezi kuwa msemaji wa dini yenu. Ninachoweza kukueleza ni kwamba mwenyeji wa Kigujarati haoni tabu mgeni akikaa kwenye viti wakati wa aarti, wala akikataa kwa adabu kupakwa alama kwenye paji la uso au kula kile chakula. Nimekaa hivyo mwenyewe, nikaletewa maji na mto wa kuegemea. Mpigie simu mama wa rafiki yake, mweleze wazi kipi binti yako atashiriki na kipi hatashiriki, na uulize nani atamrudisha na saa ngapi. Garba inaweza kwenda mpaka saa sita usiku. Avae gauni refu linalomruhusu kuzunguka, na viatu vya kuvulika upesi.

Nimeona video ya watu uchi waliojipaka majivu, wameshika mikuki yenye ncha tatu, wanatembea usiku katika umati huko Junagadh. Ni wachawi?
*Kijana, Kilwa Masoko*

Si wachawi, kijana wangu, na tafadhali usiisambaze video hiyo kwa jina hilo. Ni Naga sadhu, watawa wa Shiva waliokwisha kuacha nyumba, mali na hata nguo. Majivu yanawakumbusha kwamba mwili utaishia kuwa majivu, na ule mkuki ni alama ya Shiva. Uliloliona ni gulio la Bhavnath, chini ya mlima Girnar, wakati wa Mahashivratri, usiku mkuu wa Shiva, Februari au Machi. Usiku wa manane hutoka kwa msafara hadi kwenye kisima cha Mrigi Kund, wanaoga, kisha ibada kubwa inaanza hekaluni.

Video haikukuonyesha majiko. Kandokando ya barabara watu wa kujitolea wanapika na kumlisha kila anayepita, mchana na usiku, bila kumuuliza ametoka wapi wala kumtoza senti. Unakaa chini kwa safu, unawekewa, unaongezewa. Mlima wenyewe una ngazi karibu 10,000 za mawe, na juu kuna mahekalu ya Wahindu na ya Wajaini. Njiani kutoka mjini kuna mwamba wenye maandishi ya mfalme Ashoka, ya karne ya tatu kabla ya Kristo.

Ukijaliwa kufika, vuka kidogo hadi Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba. Humo wanaishi Wasidi, kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengine kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia. Wengi wao ni Waislamu, wanasema Kigujarati, na wanapiga ngoma kwa mikono ambayo mtu wa Kilwa ataitambua mara moja. Niliwatazama nikiwa nimeshikwa na machozi. Ni ndugu zetu, na hatuwataji vya kutosha.

Mjukuu wangu anasoma Rajkot, amepanga chumba kwa familia ya Wahindu. Ameniambia kwenye simu kwamba siku nzima hawakuwasha jiko na wakampa chakula baridi cha jana. Nimelia. Wanamnyanyasa?
*Bibi wa Nachingwea*

Shikamoo bibi. Futa machozi, mjukuu wako yuko mikononi mwa watu wema. Siku hiyo ni Shitala Satam, siku moja kabla ya Janmashtami. Shitala ni mungu mama aliyeombwa zamani awakinge watoto na ndui, na siku yake jiko linapumzishwa: linasafishwa, linapambwa, haliwashwi. Nyumba nzima, baba mwenye nyumba, wageni na watoto, wote wanakula vilivyopikwa jana yake, siku inayoitwa Randhan Chhath, ambayo mama wa nyumba huishinda jikoni tangu alfajiri. Kwa hiyo alichopewa mjukuu wako ndicho walichokula wao.

Muulize alikula nini. Bila shaka atakutajia thepla, mikate myembamba ya unga wa ngano wenye majani ya uwatu na manjano, pamoja na achari na maziwa mgando. Na mwambie amshukuru mama huyo kwa niaba yako. Thepla zinakaa siku kadhaa bila kuharibika, na akina mama wa Gujarat hawamwachi mtoto asafiri bila kumfungia. Akija likizo utazionja.